Posa ya Wiki Rais Alipojitoa

Wiki ileile rais mpya wa Marekani alipotangaza kwamba nchi yake inajitoa kwenye makubaliano ya nyuklia na Iran, sisi tulikuwa tunakwenda kuposa kwa Wairani. Nikisimulia hivi watu wa kwetu hucheka, wanadhani naongeza chumvi. Siongezi. Tangazo lilitoka Jumanne, posa ilikuwa Jumamosi, na Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, kwa hiyo kuahirisha kungekuwa kungoja mpaka Idi ipite.

Mwenye kuoa alikuwa mtoto wa kaka yangu, lakini mkono uliomlea ni wangu. Mama yake alifariki Tanga yeye akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na kaka yangu, ambaye hata uji hajui kuukoroga, akaona mtoto aje kwangu Stockholm. Nikamlea Rinkeby, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, nikitoka zamu kwenye nyumba ya wazee nakimbilia vikao vya wazazi shuleni, nikimsemesha Kiswahili naye ananijibu Kiswidi. Akakua, akasomea uhandisi, na chuoni akampata binti wa Kiirani. Huyo binti nilimpenda siku ya kwanza. Alikula wali wangu kwa mkono bila kuambiwa, akamaliza, akaenda mwenyewe kuosha sahani. Mgeni alipoondoka nikamwambia mwanangu kwamba akimwacha huyu tutakosana.

Kwa hiyo ijulikane mapema, nilikuwa nataka kitu kimoja tu siku ile: ndiyo ya baba yake. Binti alishasema haolewi bila ridhaa ya babake, na mwanangu alishasema hawezi kumwoa mtoto wa watu kwa kumtorosha. Mambo yote yalikuwa yananing'inia kwenye mdomo wa mzee mmoja wa Akalla.

Habari za mzee huyo nilizipata kwa binti. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha dawa Södertälje, anaondoka alfajiri na treni, anarudi jioni na treni. Dada yake alikuwa Shiraz, huko Iran, mgonjwa wa miaka mingi, na dawa zake kule zilikuwa za kubahatisha kwa sababu ya vikwazo. Mtu anashinda kutwa katikati ya dawa, na dada yake hana. Makubaliano yale yalipotiwa sahihi, yule rais wa kwanza, aliyemtangulia huyu mpya, alipokuwa bado madarakani, mzee alinunua keki kubwa akaipeleka kazini, akawakatia wenzake wote, mpaka msimamizi. Aliamini mambo yamekwisha. Mkewe hakuonja hata kipande. Kaka wa huyo mke alikuwa amefungwa na serikali ileile ya Iran iliyotia sahihi, na mke makubaliano yale hakuyataka tangu mwanzo. Alimwambia mumewe kwamba amewakatia keki askari jela. Binti alinisimulia hayo huku anacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na furaha.

Sasa, kwetu posa haipelekwi na mwenye mtoto. Inapelekwa na mshenga. Baba wa kijana akienda mwenyewe kuomba mke wa mwanawe, watu wataona hana ndugu wala marafiki, mtu mzima anatembea na shida zake mkononi. Kwa heshima baba hukaa kwake akangoja majibu. Ndiyo maana hata haikutupitia akilini kumtafutia kaka yangu nafasi katika shughuli ile. Yeye alikuwa Tanga, alishaniambia kwa simu, "Huko wewe ndiye mama na wewe ndiye baba. Amua, mimi nimebariki." Tukaona yametosha. Na mimi nilikwenda, kwa sababu binti alisema kwao mwanamke mkubwa wa upande wa kijana lazima aonekane, na kijana mwenyewe pia lazima aonekane. Lakini nilikwenda kama mwenye mtoto, na mwenye mtoto hasemi. Anayesema ni mshenga.

Mshenga wetu alikuwa Mtanzania mwenzetu wa Rinkeby, mwalimu wa maarifa ya jamii kwenye shule ya sekondari, mtu mwema asiye na mfano. Ukiugua anakuja na supu, ukihama anakuja na mgongo wake. Ila ana maradhi ya kujua. Ukimuuliza saa atakueleza historia ya saa. Nilimchagua kwa sababu Kiswidi chake kimenyooka na kwa sababu ana sura ya mtu wa kuaminika, ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, koti la kijivu, viatu vinang'aa.

Rinkeby na Akalla ukitazama ramani ni majirani, katikati kuna uwanja wa majani tu. Lakini treni zake hazielewani. Unapanda ya Rinkeby inakurudisha kwanza upande wa mjini, unashuka, unavuka jukwaa, unapanda nyingine inayokupeleka ulikotaka. Nilikuwa nimepakata bakuli la visheti nilivyovipika asubuhi, nimelifunika kwa kitambaa nilichokishona kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanangu alibeba maua. Mwalimu alibeba maneno.

"Dada yangu," akaniambia tukiwa kwenye treni ya pili, "leo ulimi uache kwangu mimi. Nakujua."

"Na wewe siasa ziache hapa kwenye kiti," nikamwambia. "Wale watu wana msiba wiki hii."

"Mimi tena?" akasema, akaweka mkono kifuani. "Mimi nakwenda kuposa, siendi bungeni."

Nikamwamini.

Walitupokea vizuri mno. Nyumba yao ilikuwa mojawapo ya zile nyumba ndogo zilizopangwa kwa safu, miti ya nje imeanza kutoa majani. Mama mwenye nyumba alinikumbatia, akanipokea bakuli, akaliweka juu ya meza katikati bila kulifunua. Binti alikuwa ameshanieleza: kwao vitamu vya posa haviguswi mpaka neno likubalike. Likikubalika, watu wanatia utamu mdomoni. Lisipokubalika, mnaondoka na vitamu mmeviacha vimefunikwa. Basi bakuli langu lilikaa pale mezani, na mimi jicho halikubanduka juu yake.

Binti akaleta chai kwenye vigilasi. Mzee alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi, macho mekundu. Runinga ilikuwa imezimwa lakini rimoti ilikuwa mapajani mwake, na kila mara kidole chake kilikuwa kinaipapasa. Tulisemeshana Kiswidi, kila mtu na lafudhi ya kwao. Tukaulizana hali, tukasifia maua, tukasifia hali ya hewa. Mwalimu akakohoa, akakaa sawa, akaanza. Na lazima niseme kweli, alianza vizuri. Alieleza kijana wetu ni nani, amelelewa vipi, anafanya kazi gani. Alisema tumekuja kwa adabu kuomba tuunganishe nyumba mbili. Mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa, shingo imelowa jasho.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nisameheni kama leo si mwenyeji mzuri. Tangu Jumanne silali. Kuna watu walitupa neno lao, na sasa wamelichukua."

Palikuwa pa kusema pole. Neno moja tu, pole, tukanywa chai yetu, tukaendelea na mambo yetu. Nilimtazama mwalimu kwa jicho la kumsihi. Wapi! Nikaona ndevu zinatikisika, nikajua limekwisha.

"Ni jambo la kusikitisha sana," akasema mwalimu. "Lakini kwa haki kabisa, mzee wangu, kosa ni la yule rais wa kwanza."

Mzee akainua macho. "La wa kwanza?"

"La wa kwanza. Maana katiba yao iko wazi. Rais wa Marekani akitaka mkataba uifunge nchi, anaupeleka Seneti, na theluthi mbili wakubali. Yeye alijua hawezi kuzipata. Akaona atie sahihi kwa mamlaka yake peke yake. Basi lile halikuwa neno la nchi, lilikuwa neno lake yeye. Na yeye ameondoka. Aliyekuja ana haki ya kusema, mimi sikuahidi."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza, akausogeza.

"Kwa hiyo mimi," mzee akasema polepole, "nilitakiwa kumuuliza rais wa nchi kubwa kuliko zote kama ameaga nyumbani kwake kabla ya kuja?"

"Kisheria, ndiyo."

"Mtu anakaa mezani miaka, analeta mawaziri, analeta wataalamu, mataifa mengine yanatia sahihi pamoja naye, halafu neno hilo ni la kwake mwenyewe kama shati?"

"Asiyewashirikisha wenye nyumba hawezi kuwafunga wenye nyumba," mwalimu akasema, na alilisema kwa raha, kama yuko mbele ya darasa. "Mtu mmoja hata awe mkubwa namna gani, akiahidi peke yake, ahadi inakufa siku anapotoka mlangoni. Huo ndio ukweli. Ukitaka ahadi ya kudumu, tafuta sahihi za wote."

Mkewe yule mzee akasema kitu kwa Kiajemi, kifupi, chenye makali. Mzee akamjibu bila kumtazama. Binti akaangalia sakafu. Mwanangu, aliyetafsiriwa na binti, aliniambia baadaye kwamba yule mama alisema, hata mgeni ameliona na wewe hukuliona.

Mzee akaweka rimoti mezani, kando ya bakuli langu. Akamgeukia mwalimu, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna iliyonitisha zaidi kuliko kama angepiga kelele.

"Vizuri. Umenifundisha. Sasa nikuulize na mimi. Wewe ni baba wa kijana huyu?"

"Hapana, mimi ni mshenga."

"Ni ndugu yake?"

"Ni kama ndugu. Tunatoka nchi moja."

"Baba yake yuko wapi?"

"Yuko Tanzania. Kwetu, kwa heshima, baba..."

"Mama yake?"

"Alitangulia mbele ya haki."

"Kwa hiyo," mzee akasema, "wewe peke yako, si baba, si ndugu, umekuja kunipa neno la nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Na wewe mwenyewe, sasa hivi, kwenye kiti changu, umeniambia neno la namna hiyo halifungi mtu."

Mwalimu akashika ndevu zake. Mdomo ulikuwa umemponza, na haukuwa umemponza yeye peke yake. Ulikuwa umetia mchanga kitumbua cha mwanangu. Nilimtazama yule mtoto. Alikuwa na sura ileile aliyokuwa nayo uwanja wa ndege siku alipofika, anatafuta kati ya watu wazima ni nani anajua kinachoendelea. Nilitamani kulia na nilitamani kumpiga mwalimu kwa kitambaa cha visheti. Na nilikuwa naogopa, kuogopa kweli, maana mzee hakuwa anatutania.

"Nataka nimsikie baba," akasema. "Si kwa kupitia kwa mtu."

Tukampigia. Mwanangu aliishika simu, sauti ikatoka wazi kwa wote, na kule nyuma ya kaka yangu zikasikika honda za mtaani na jogoo asiyejua saa. Mwalimu akawa anatafsiri, sasa kwa unyonge, sentensi fupifupi. Kwanza kaka alisita. Kwetu ni aibu baba kuzungumza na mkwe kabla mshenga hajamaliza. Nilimsikia akiuliza kwa sauti ya chini, "Mshenga si yupo hapo? Kimetokea nini?" Lakini alipoelezwa akajikaza, akasema maneno mazuri. Alisema amekubali. Alisema binti yao ni binti yake. Alisema nyumba yake ya Tanga ina mlango usiofungwa.

Mzee akasema, "Muulize hivi. Habari za nchi yangu zitazidi kuwa mbaya. Pengine mwezi ujao, pengine mwaka ujao. Zikiwa mbaya kabisa, bado atakuwa amekubali?"

Mwalimu akatafsiri. Kaka yangu akacheka, kile kicheko chake cha kupunguza uzito wa jambo. "Inshallah," akasema. "Mungu akipenda, mzee wangu, kwa nini isiwe?"

Hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Mzee akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akamtakia kheri. Simu ikakatwa.

Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe ni dada yake," akasema. "Umekua naye. Niambie wewe. Kaka yako akitoa neno, hulishika?"

Mwalimu akanikonyeza. Mwanangu akanitazama. Jibu lilikuwa rahisi, hata mtoto mdogo angelijua: ndiyo, mzee, kaka yangu ni mtu wa neno lake. Sentensi moja. Ningeisema, kitambaa kingefunuliwa, tungekula visheti.

Lakini mimi kaka yangu namjua.

Nilipokuwa msichana baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, na mkubwa wa nyumba alikuwa baba mkubwa. Alikuja kijana wa Lushoto kuniposa, bwana shamba, mtu mpole, anapanda miti kila anapokaa. Baba mkubwa akaikubali posa. Wanawake walipiga vigelegele, nikaanza kushona mito. Kabla ya harusi baba mkubwa akafa, na ukubwa wa nyumba ukaangukia kwa kaka yangu. Yeye kijana wa Lushoto hakumtaka, sababu zake mpaka leo sizijui zote. Wazee wa Lushoto walipokuja kukumbusha, kaka yangu aliwaambia, mimi nikisikia nyuma ya mlango, "Ahadi ile ilikuwa ya marehemu. Mimi sikuahidi." Wakasimama, wakaaga kwa adabu, wakaenda zao. Mimi mwaka uliofuata nikapata nafasi ya mafunzo ya uuguzi Sweden, nikaondoka, na habari ya kuolewa nikaifunga. Hilo hata mwanangu nilikuwa sijamwambia. Ni baba yake, nisingeweza.

Sasa mzee wa Akalla alikuwa ananiuliza. Na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba kaka akija kusikia neno baya redioni anaweza kugeuka. Nikimdhamini, siku akigeuka huyu binti atasimama nyuma ya mlango kama nilivyosimama mimi. Nisipomdhamini, mlango unafungwa leo.

"Hapana," nikasema. "Si mara zote."

Mwalimu alipaliwa na chai.

"Kuna neno moja alilivunja," nikasema. Kiswidi changu ni cha nyumba ya wazee, cha kunyanyua watu na kuwabembeleza wale chakula, si cha mabaraza, lakini siku ile kilinitosha. "Aliyeahidi alikuwa mwingine, akafa. Kaka yangu akarithi nafasi, akasema yeye hakuahidi. Aliyevunjiwa ni mimi. Nilikuwa na mchumba, nikawa sina."

Nikawaeleza yote, kifupi. Niliona mwanangu anainua kichwa chake na kukiacha hapohapo juu. Sikuthubutu kumtazama zaidi.

"Kwa hiyo usichukue neno la kaka yangu," nikamwambia mzee. "Na la mwalimu huyu usilichukue, ameshasema mwenyewe halifai kitu. Chukua langu. Mimi naishi Rinkeby, unaweza kuja kwa miguu ukivuka uwanja. Habari zikiwa mbaya nitakuwa hapo. Binti yako akigombana na mwanangu, nitakuwa upande wa binti yako mpaka niambiwe kosa ni lake. Sina wa kunirithi cheo aje aseme hakuahidi."

Mzee akaniangalia. "Nani amekupa mamlaka ya kuahidi?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

"Mamlaka sikupewa," nikasema. "Nilipewa mtoto."

Aliyesogea kwanza si yeye. Ni mkewe, aliyekuwa hajanisemesha tangu aliponipokea mlangoni. Aliuliza kwa Kiswidi, ananiuliza mimi moja kwa moja, "Alipougua usiku, nani alikaa naye?" Nikamwambia nilikaa mimi. Akasema kwa mumewe, na safari hii alisema Kiswidi ili wote tusikie, "Wewe unapenda sahihi za wakubwa. Mimi nimezichoka." Akaondoa rimoti juu ya meza, akaiweka nyuma ya mto, akafunua bakuli.

Mzee alichukua kisheti kimoja. Alikigeuzageuza vidoleni, sukari ikamdondokea kwenye suruali. Kwa muda nilifikiri atakirudisha. Akakitia mdomoni, akatafuna, machozi yakawa yanamtoka, na hakuna aliyemuuliza ni ya nini kati ya yale yote. Binti akakimbilia jikoni. Mwanangu akanishika mkono chini ya meza, akaubana mpaka ukaniuma.

Njiani kurudi mwalimu alikaa kimya toka Akalla mpaka tulipobadili treni. Kwenye treni ya pili akasema, "Lakini dada yangu, kwenye hoja ya katiba nilikuwa sahihi."

Mwanangu akaanza kucheka, nami nikacheka, na mwalimu naye, tukacheka mpaka mama mmoja wa Kiswidi akahama kiti. Tulipofika nyumbani mwanangu hakucheka tena. Alisimama mlangoni mwa chumba chake na koti lake bado mwilini. "Shangazi," akasema, kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili hukitoa kwa nadra, "kwa nini hukuwahi kuniambia?" Nikamwambia baba ni baba, na kwamba avue viatu. Akaja akaniegemeza kichwa begani, jitu zima.

Ramadhani ikapita, Idi ikapita. Harusi ikapangwa mwisho wa kiangazi, na habari za redioni zikaendelea kuwa mbaya kama mzee alivyosema. Vikwazo vikarudi. Watu wakaanza kutaja vita kama wanataja mvua. Dada wa mzee kule Shiraz akawa anagawanya vidonge vyake nusu nusu. Nilikuwa napita Akalla mara kwa mara nikitoka zamu, nakaa na mama mwenye nyumba jikoni, ananifundisha kuchambua mboga zao na mimi namfundisha kukuna nazi ya kopo, maana yake kufungua kopo.

Basi mchana mmoja wa siku za mwisho kabla ya harusi, niko jikoni kwangu na gunia dogo la unga, kaka akapiga simu.

Alizunguka kwanza. Joto, bei ya samaki, mguu unaomsumbua. Halafu akafika. "Dada, nimekuwa nasikiliza redio. Hiyo nchi ya hao watu haina mwisho mwema. Leo vikwazo, kesho mabomu. Mwanangu atakwenda kujifunga na matatizo yasiyo yake, akitaka kusafiri atazuiwa, watoto wake watakuwa na ndugu kwenye vita. Nimetafakari sana. Mkubwa wa Marekani mwenyewe amejitoa, na nchi nzima, sembuse mimi? Waambie kwa adabu kwamba tumejitoa."

Nilikuwa nimeshika mchi wa kuponda iliki. Nikauweka chini. Sikupandwa na hasira kama nilivyodhani ningepandwa siku hiyo ikija, maana nilijua itakuja.

"Tumejitoa nani?" nikamuuliza.

"Sisi. Familia. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba."

"Ahadi ile," nikamwambia, "haikuwa yako."

"Sikukubali mimi kwa simu, wote wakinisikia?"

"Ulikubali. Lakini niliwaambia wasilichukue neno lako, na hawakulichukua. Walichukua langu."

Nilimsikia anahema, na nyuma yake ile mitaa ya kwetu, honda na jogoo. Nilijua mawazo yake yamefika nyuma ya ule mlango nilikokuwa nimesimama.

"Ulikuwa unasikia siku ile?" akauliza hatimaye.

"Nilikuwa nasikia."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii, kaka."

Akakohoa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mzee, sikuwa nimegundua kwamba amezeeka kiasi kile. "Sasa mimi watu wa huku wakiniuliza niseme nini?"

"Sema ulichowaambia wale wa Lushoto," nikamwambia. "Sema aliyeahidi ni mwingine."

Nikaagana naye kwa salamu, nikamwombea mguu wake upone, nikakata simu. Halafu nikauchukua tena mchi, maana iliki ilikuwa haijapondeka na unga wa visheti vya harusi ulikuwa bado unanisubiri.